Trekta, Mwambie Mkwe Wangu

Siku Makoye aliponipigia simu kunieleza kwamba baba yake amefariki, nilikuwa nabishana na mteja kuhusu mikono ya gauni. Alitaka mikono mipana ya kupepea, yenye vitambaa vya kuning'inia, kama aliyoiona kwenye simu yake. Nikamwambia kwangu hapati. Hapa Igoma, pembeni mwa Mwanza, wananiita Mama Kubana, na jina hilo nimelistahili: nguo ikitoka kwenye cherehani yangu haina mkia, haina utepe, haina kitu cha kupeperuka. Wateja wengine wanadhani ni mtindo wangu, wengine wanadhani ni ubahili wa kitambaa, na mimi sijawahi kumweleza mtu sababu. Simu ikaita, namba siijui, nikapokea na hasira za ule ubishi, na sauti ya mwanamume mzee ikasema, "Kabula, ni Makoye. Mzee ametutoka jana asubuhi. Nimeona si vizuri usikie kwa watu." Nikasema pole, nikauliza mazishi ni lini, nikashukuru, kama mtu anayezungumza na jirani. Halafu nikakaa. Mteja akaniuliza nani amekufa. Nikafungua mdomo nimjibu, nikagundua sina neno la kumwita yule mzee. Baba mkwe? Hakufika kuwa. Tajiri wangu? Alikuwa hivyo, kabla ya kuwa zaidi ya hivyo. Nikamwambia, "Ni mtu niliyekuwa namwonea aibu." Akacheka akidhani natania, akasema basi mikono iwe ya kubana tu, yaishe.

Mwaka ninaoukumbuka ni mmoja katika ile miaka ya kupanga foleni ya sabuni, ambapo mtu akipata dizeli hamwambii hata ndugu yake wa tumbo moja. Nilikuwa msichana, kijijini kwetu nje kidogo ya Kisesa, upande wa Bujora, na Mzee Mayunga ndiye aliyekuwa na trekta. Lilikuwa kuukuu, rangi yake ya buluu imefifia kama kaniki iliyofuliwa sana, alilinunua kwa mfanyabiashara mmoja wa Kihindi aliyekuwa ameacha kilimo cha pamba na kuhamia mjini kabisa. Masika lililima. Kiangazi, mpunga ulipovunwa mbugani, liliegeshwa mbele ya kibanda cha mabati likageuka kuwa injini ya mashine ya kukoboa. Ubavuni lilikuwa na gurudumu pana la chuma lisilo na meno, ndiyo puli yenyewe. Mkanda mrefu wa turubai na mpira ulianzia kwenye puli hiyo, ukavuka uwanja, ukaingia dirishani mwa kibanda na kuzungusha mashine iliyokuwa ndani. Aliyeshika kazi hiyo miaka yote alikuwa mjomba wangu Luhende. Vumbi la pumba lilipomkamata kifua, Mzee Mayunga akatafuta kijana wa kumrithi, lakini vijana walikuwa wamekwenda ziwani kuvua au mjini kutafuta kazi viwandani. Mjomba akakohoa, akasema, "Mchukue Kabula. Ana jicho." Mzee Mayunga akanitazama kwa muda, akasema jicho ndilo analolitaka, mengine atavumilia.

Kazi ya puli ni ya jicho kabla haijawa ya mikono. Unaliegesha trekta, unashuka, unachuchumaa nyuma ya puli na kufumba jicho moja, unaangalia kama puli ya trekta na gurudumu la mashine vinatazamana sawasawa. Ukipinda hata kidogo, mkanda unatembea pembeni na kuruka, na mkanda ukiruka hauchagui wa kumchapa. Wenyewe hauvishwi umenyooka. Unapindwa mara moja katikati, upishane kama namba nane, maana trekta lilizunguka huku na mashine ilitaka kuzungushwa kule. Kisha unarudisha trekta nyuma taratibu mpaka mkanda ukaze, si kukaza kama ngozi ya ngoma, wala si kulegea. Unaweka mawe kwenye matairi. Unapiga hendeli, kidole gumba kikilala upande mmoja na wenzake, kwa sababu injini ikirudisha inakivunja. Halafu unavuta kijiti cha puli polepole, mkanda unaamka, unatambaa, unaanza kuimba. Ukiteleza unaupaka nta, ukisimama upande ule mkanda unakotoka kwenye puli, kamwe si unakoingia. Hilo la mwisho mjomba alinifanya nilirudie mpaka nikalichukia. Nilivaa ovaroli lake, mikono nimeifunga kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, kilemba nimekichomeka shingoni. Nilijiona mtu. Nasema wazi, nilikuwa na kiburi, na mpaka leo nikikumbuka ile sauti ya mkanda ukishika, nasikia kitu kinasimama wima ndani yangu.

Mchana tulikula pale pale, nyuma ya kibanda, michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyopikwa na karanga, au furu, samaki wadogo wa ziwani, wakavu na ugali wa muhogo, na chai isiyo na sukari. Foleni ya akina mama ilikaa kivulini mwa kibanda, kila mmoja juu ya gunia lake. Walidhani injini inawafunika, wakawa wanapigiana kelele mambo ambayo hata kitandani yanasemwa kwa kunong'ona. Hawakujua kwamba mwenye kuendesha injini anajifunza kusikia chini ya mlio wake. Nilijua mimba kabla ya wenye mimba kuwaambia waume zao. Nilijua pia walichosema juu yangu. "Huyu nani atamwoa, ananuka dizeli?" Mwingine akajibu, "Labda trekta." Nilicheka kimoyomoyo, kwa sababu Makoye, mtoto wa Mzee Mayunga, alikuwa tayari ameanza kuja kila Jumamosi kutoka Mwanza, alikofanya kazi kwenye kiwanda cha nguo, na kusimama karibu na mkanda akiniuliza maswali ambayo majibu yake aliyajua tangu utotoni.

Posa ilipopelekwa na kukubaliwa, mambo yakabadilika kwa siku moja. Kwetu baba mkwe na mke wa mwanawe hukwepana kwa heshima. Hawaangaliani usoni, hawapeani kitu mkononi, hawasemeshani ana kwa ana, na mwili wa mkwe ni mwiko mkubwa, ukionekana na baba mkwe ndoa haina heri tena. Mzee Mayunga angeweza kunifukuza kazi. Badala yake asubuhi iliyofuata alikuja na jiwe lake la kukalia, akaliweka mbali kidogo, akakaa akiupa uwanja mgongo na kutazama ua wa minyaa. Injini ilikuwa bado haijawashwa. Kisha akasema kwa sauti kubwa, "Trekta, mwambie mkwe wangu maji ya rejeta yamepungua."

Mjomba, aliyekuwa amekaa karibu na mlango wa kibanda, akanikonyeza. Nikasema, "Trekta, mwambie baba nimeshaongeza."

"Trekta, mwambie ahsante."

Akina mama walishika mbavu. Tangu siku hiyo tukawa tunaishi hivyo, na sidhani kama kuna mtu niliyezungumza naye vizuri zaidi maishani mwangu kuliko yule mzee aliyenipa mgongo. Tukizima injini kuipumzisha, angeanza. "Trekta, mwambie mkwe wangu jana nimeota unataka kuoa." Nami, "Trekta, mwambie baba hujakataa, ila mahari utatoa kwa dizeli." Alicheka mabega yakitikisika, mgongo wote wa shati lake la kaki ukicheka. Makoye alinionea wivu, akasema baba yake hajawahi kumtania hivyo yeye. Kulikuwa na siku nilizotamani Jumamosi isifike, watu wa maneno wawe sisi watatu tu, mzee na mimi na trekta.

Shangazi yangu ndiye aliyeliona ovaroli. Alikuja siku moja na dumu la mpunga wa kukoboa, akanikuta nimepanda juu ya tairi kukaza nati, akasimama pale mpaka niliposhuka. Jioni alinifuata nyumbani. "Umeshaposwa," aliniambia. "Mke wa watu unakaa mbele ya mkweo miguu imegawanyika kama mwanamume? Watasema hatukukulea." Mjomba alikuwepo, anakula. Akasema, "Dada, mkanda haujui heshima." Shangazi akamgeukia, "Na wewe hujui aibu." Yakaisha hapo, kwa sababu kwetu neno hilo la mwisho halijibiwi. Kesho yake nilikwenda kazini na gauni, na juu yake kitenge kipya alicholeta Makoye kutoka kiwandani, nimekifunga kiunoni. Mzee Mayunga hakugeuka, lakini nadhani akina mama walikwishamwambia, maana alisema, "Trekta, mwambie mkwe wangu amependeza. Mwambie amenipa heshima." Nilifurahi kupita kiasi. Nilikiachia kitenge kile mkia mrefu ubavuni, kama wanavyofunga maharusi.

Upepo wa ziwa kwetu huanza mchana, jua likishapita kichwani. Nilikuwa nimesimama upande sahihi, upande ule mkanda unakotoka, na kipande cha nta mkononi, kama nilivyofundishwa. Nataka hilo lijulikane, ingawa halijawahi kumsaidia mtu kujua. Upepo ulivuma, mkia wa kitenge ukaniruka kwa mbele, ukapita juu ya mkono wangu na kwenda upande wa pili, mkanda unakoingia. Sikusikia chochote, nilihisi tu kama mtu amenishika kiuno na kunigeuza. Kitenge hakikufunguka, nilikuwa nimekikaza kwa heshima. Kilivuta gauni, gauni likanivuta mimi, na puli ikawa karibu na uso wangu nikaona kutu yake. Kilichomshtua Mzee Mayunga ni masikio yake. Injini iliyoelemewa ina mlio wa kukoroma, na yeye aliujua kuliko sauti ya mkewe. Alikuja mbio, akanikumbatia kwa nyuma, kifua chake mgongoni kwangu, akakanyaga tairi kwa mguu mmoja na kujisukuma nyuma kwa nguvu zake zote, mkono mmoja kiunoni kwangu, mwingine unatafuta kijiti cha puli. Nguo zikaanza kuchanika. Kitenge, gauni, kila kitu, vyote vikaenda na mkanda. Kijiti kilipopatikana na mkanda ukasimama, tulianguka chini wote wawili, na mimi nilikuwa kama nilivyozaliwa, mbele ya foleni yote.

Nikageuza kichwa kuwatazama wale watu. Akanishika kidevu akanigeuza kwake. "Usiangalie huko, mwanangu," alisema. "Niangalie mimi." Alinisemesha mimi, si trekta. Nikamwangalia, naye akaniangalia, na nasema hili nikiwa na akili zangu zote: macho yake hayakutoka usoni pangu. Hayakushuka. Alivua shati lake akiwa ananiangalia machoni, akanivika akiwa ananiangalia machoni, akafunga vifungo kwa kupapasa, na mkono wake wa kulia ulikuwa umebabuka ngozi kwa mkanda, damu inachuruzika kwenye vifungo. Halafu mtu mmoja akacheka. Si kwa ubaya, nadhani, watu wakiona kifo kimepita huwa wanacheka. Lakini mwingine akadaka, na mwingine, na mara ikawa foleni nzima, wengine wamelala juu ya magunia, na mama mmoja akipangusa machozi akauliza, "Na mpunga wangu je?" Ndicho kicheko ninachokisikia mpaka leo. Mlio wa mkanda nimesahau kuuogopa. Kile kicheko sijakisahau.

Wazee wa ukoo walikaa. Wanawake hatukuitwa, kwa hiyo niliyoyajua niliyasikia kupitia ukuta wa jiko la Mzee Mayunga, nilikokuwa nimekaa na mkewe tukijifanya tunachambua mchele. Walimuuliza kama ameuona mwili wa mkwe wake. Kama ameuona, posa imekufa. Mzee Mayunga alijibu, "Sikuona kitu. Pumba zilinijaa machoni." Wakamuuliza tena, wakimsaidia, maana walitaka ndoa iendelee, na yeye akarudia, "Nimesema pumba. Sikuona kitu." Basi wakaridhika, wakanywa pombe yao, wakaenda zao. Ndoa ilikuwa imepona. Mkewe akanishika goti, akaniita mama kwa Kisukuma, "Umesikia? Yameisha, mayu." Mimi nilijua kwamba macho yake yalikuwa meupe kabisa, hayana hata punje ya pumba. Nilijua pia kwamba alichokisema kilikuwa kweli, kwa namna ambayo hakuna mzee aliyeuliza. Lakini aibu haisikilizi hesabu hizo. Nilichosikia ukutani ni mtu mwenye heshima zake kulazimishwa kusema uongo wa pumba kwa ajili yangu, na wote walioketi naye wakijua.

Aliporudi kwenye jiwe lake, mkono umefungwa kitambaa, mimi nilikuwa nimevaa ovaroli tena na shangazi hakuthubutu kuniambia neno. Nilingoja. Injini ilizimwa ikapumzishwa, na hakusema kitu. Siku iliyofuata vile vile. Nadhani naye alikuwa anangoja, lakini wakati ule sikufikiri hivyo. Nilifikiri anaona haya kuwa na mkwe kama mimi. Angalia jinsi ilivyo rahisi: neno moja tu, "Trekta, mwambie baba habari za asubuhi," na mimi nilikuwa na ulimi. Kila nilipotaka kulisema, niliwaona wale wa foleni wakikaa tayari kucheka, nikapiga hendeli.

Kisha zikaja ngoma za baada ya mavuno. Watu walitoka kila upande kwenda uwanja wa ngoma karibu na Bujora, makundi mawili yakishindana kuvuta watazamaji, na kwetu mwimbaji wa ngoma hana huruma, kazi yake ni kukusanya vituko vya mwaka na kuvipa sauti. Makoye alikuwa amekuja kutoka mjini, tumesimama pamoja, amenishika mkono hadharani kwa mara ya kwanza. Mwimbaji akaanza kwa Kisukuma, na hata kwa Kiswahili inachekesha: Mayunga kapofushwa na pumba, kamkumbatia mkwe akidhani gunia. Uwanja ulilipuka. Waliokuwa hawajui waliwauliza wanaojua, nikaona vidole vikinielekea. Makoye akakaza mkono wangu, akasema, "Cheka, Kabula. Cheka, wimbo uondoke." Kwa sababu hiyo ndiyo desturi yetu. Ukiimbwa hukasiriki. Ukinuna, wimbo unakaa na wewe; ukicheka na kumtuza mwimbaji, unaondoka naye. Nami niliijua desturi hiyo tangu utotoni. Lakini nilipotazama mbele nikamwona Mzee Mayunga ametoka kwenye umati, anacheza kuelekea kwa mwimbaji, mkono wake wenye kovu jipya juu, anacheka kinywa wazi. Akambandika mwimbaji noti kwenye paji la uso. Watu wakashangilia. Na mimi, nilimwona anacheka tu. Sikuona kingine. Nilichomoa mkono wangu.

Asubuhi yake nilipanda lori la pamba kwenda mjini, nikashukia Igoma kwa binamu yangu, siku zile Igoma ikiwa bado mashamba na nyumba za kuhesabu. Makoye alinifuata. Nilijificha chumbani, binamu akamwambia sipo, na kupitia tundu la pazia nikamwona amekaa kwenye ngazi, kofia mkononi, mpaka jua lilipozama. Alikuja tena. Halafu akaacha, akaoa. Nami nikaolewa, nikazaa, nikafiwa na mume, nikajifunza cherehani. Ng'ombe wachache waliokwishatolewa walirudishwa kimya kimya. Miaka hiyo yote, kutoka Igoma hadi kwa Mzee Mayunga ilikuwa safari ya kwenda na kurudi kabla chakula cha mchana hakijaiva, na sikuifanya. Niliposikia mtu ametoka kule nilivuka barabara. Niliona haya ya mwili wangu, halafu nikaona haya ya kukimbia, halafu miaka ikapita nikaona haya ya miaka yenyewe, na hiyo ya mwisho ndiyo nzito, kwa sababu kila siku iliongezeka.

Msibani nilifika na bodaboda, kitenge nimekibana kama kawaida yangu. Vijana wakanipa shikamoo wasijue mimi ni nani, nikaanza kupumua. Nilipoingia kwa akina mama, bibi mmoja aliyekaa mkekani akanikazia macho, akaniambia mbele ya wote, "Wewe si yule wa mkanda?" Wenzake wakamnyamazisha. Uso ulinichoma, mimi, bibi mwenye wajukuu. Nilikuwa naelekea mlangoni, najitafutia sababu ya kuondoka, ndipo Makoye akanifuata. Amekuwa na upara na meno ya bandia, lakini kusimama kwake ni kule kule. Hakusema habari za zamani. Alisema, "Njoo nikuonyeshe kitu," akanipeleka nyuma ya nyumba.

Kibanda hakikuwepo tena. Trekta lilikuwepo, halina matairi, limekaa juu ya mawe, kuku wanalala chini yake. Puli ilikuwa palepale ubavuni. Na mbali kidogo, likiutazama ua wa minyaa, lilikuwepo jiwe, katikati limelainika kwa kukaliwa. Makoye akaniambia kwamba mashine ya kukobolea iliuzwa mwaka ule ule nilioondoka, na mkanda baba yake aliuchoma moto kwa mkono wake. Trekta lililima mpaka likafa. "Halafu uzeeni akawa anakuja kukaa hapa kila jioni," alisema. "Tulimsikia anaongea. Mke wangu akadhani akili inaondoka. Nikaja kusikiliza."

"Alikuwa anasema nini?"

"Neno lile lile. 'Trekta, mwambie mkwe wangu mimi sikuona kitu.' Halafu ananyamaza, ameinamisha kichwa hivi, kama mtu anayesubiri kujibiwa. Akishasubiri anainuka, anakuja kula."

"Alisema mkwe wangu?"

"Hivyo hivyo. Mke wangu, baba alimwita mama watoto. Neno hilo la mkwe hakumpa." Makoye alikohoa. "Hata wiki iliyopita tulimbeba na kiti. Alisubiri kidogo, akasema labda injini ina kelele, hasikii."

Nilishika puli, nikasimama nimeinama. Miaka yote nilidhani alichokuwa anangoja ni mimi nitoweke machoni pake. Makoye alinitazama, kisha akafanya jambo ambalo nitamshukuru mpaka nife: alikwenda kwenye lile jiwe, akakaa, akanipa mgongo. Akina mama wawili waliokuwa wakipita na ndoo wakasimama. Yule bibi wa mkekani naye alikuwa amechungulia kwenye kona ya nyumba. Nikaona wananitazama wote. Aibu ilipanda, ile ile, ikafika kooni. Niliiacha ikae hapo, nikasema juu yake, kwa sauti ya kushinda injini, ili kila mtu asikie.

"Trekta, mwambie baba ni kweli, yeye hakuona kitu. Mwambie mimi ndiye niliyeona macho yake hayakushuka."